Kamati ya wanyama ianzie wapi: risasi, hifadhi au chanjo?

"Daktari, mimi ni mama mwenye kibanda cha mboga katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Wenzangu wa soko wamenichagua kuwa mmoja wa watu tisa wa kamati ya kuishauri kaunti kuhusu wanyama wa wadi yetu. Tumepewa mwezi mmoja tuandike malengo. Kikao cha kwanza kiliishia kwa kelele. Nyuma ya kichinjio kuna mbwa koko wengi, na siku tisa zilizopita mmoja alimuuma mguuni mtoto wa jirani yangu, wa miaka saba. Vijana walimuua mbwa yule kwa mawe wakamtupa jalalani. Mtoto alipakwa mafuta ya taa, kesho yake akadungwa sindano ya pepopunda kwenye zahanati, na sasa anacheza vizuri. Wengi wetu wanataka lengo la kwanza liwe kuomba kaunti iwapige mbwa risasi au iwatilie sumu. Kijana mmoja anataka tujengewe hifadhi ya mbwa kama anazoziona kwenye simu. Mzee mmoja anasema mambo ya wanyama ni ya Nairobi, si ya kaunti. Lengo zuri la kamati kama hii ni lipi?"

Mama, malengo yatangoja kidogo. Kwanza huyo mtoto.

Sindano ya pepopunda haikingi kichaa cha mbwa. Hizo ni chanjo mbili za magonjwa mawili, na kwa kuwa zote hutolewa mtu akiumwa, familia nyingi huzichanganya zikarudi nyumbani zimetulia. Nenda kwa jirani yako leo, hata kama unasoma haya usiku. Ampeleke mtoto hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti, na akifika aseme hivi: mtoto aliumwa na mbwa asiyejulikana, mbwa ameuawa, na hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa hata moja. Siku tisa zimepita, lakini hajachelewa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa kwenye mate ya mbwa, huingia kwa jeraha, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Imewahi kuchukua wiki moja, imewahi kuchukua mwaka. Chanjo hushindana na safari hiyo, na ikitangulia, mtoto anapona. Dalili zikishaanza, maji yakamtisha na koo likabana, hakuna dawa hapa wala Ulaya, ni kifo karibu kila mara. Kwa hiyo kucheza kwake leo hakutuambii kitu. Mtoto aliyeambukizwa hucheza vilevile mpaka siku dalili zinapoanza.

Na chanjo yenyewe si sindano moja. Kuna ya siku ya kwanza, ya siku ya tatu baadaye, ya siku ya saba, na kuendelea kwa ratiba ya hospitali. Jeraha likiwa limetoa damu, daktari huongeza dawa nyingine ya kingamwili inayodungwa palepale penye jeraha. Wazazi wengi hukatiza katikati kwa sababu ya nauli. Kama kamati yenu ina hata shilingi mia tano za chai, naomba zigeuke nauli ya mtoto huyu.

Mafuta ya taa hayasaidii, wala pilipili, wala jiwe la nyoka. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, mara tu mtu anapoumwa, halafu hospitali. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtoto atalia na wewe utatamani kuacha. Usiache.

Jambo la mwisho kuhusu tukio hilo, na silisemi kuwalaumu vijana: mbwa yule angefungwa badala ya kuuawa, leo tungekuwa karibu kujua. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate siku ya kuuma huugua au hufa ndani ya siku kumi. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, hakumwambukiza mtu siku ile, na hospitali inaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Hata akifa, afisa wa mifugo angekata kichwa na kukipeleka maabara ya mifugo, Mariakani kwenu pwani au Kabete, kikapimwa. Baada ya siku tisa jalalani hakuna cha kupima. Inabidi tuhesabu kwamba alikuwa mgonjwa.

Sasa turudi kwenye kikao chenu, tena tuanze na yule mzee, maana hoja yake ni fupi. Zamani alikuwa sahihi. Siku hizi, fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, penye orodha ya kazi za kaunti. Mtakuta udhibiti na ustawi wa wanyama, na chini yake mambo mawili yametajwa kwa jina: leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kuzuia magonjwa ya mifugo nako kumo katika orodha hiyohiyo. Nairobi wamebaki na sera na mipango ya taifa, ukiwemo mkakati wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, ulioanza 2014 na kuishia 2030. Mkakati ni wa taifa, ila mbwa wanachanjwa katika wadi. Mtu wa kuwachanja analipwa na kaunti.

Kuhusu risasi na sumu nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi hupotelea. Naielewa hasira. Makadirio yanayotumiwa na serikali yetu ni watu hadi 2,000 kufa kila mwaka kwa ugonjwa huu nchini, na duniani watu kama 59,000, karibu nusu yao watoto. Karibu wote waliumwa na mbwa. Mtu akisikia hivyo husema, basi mbwa wapungue. Inaonekana ni hesabu rahisi. Nami nilipoanza kazi niliiamini. Niliwahi kusimama katika mji mmoja asubuhi baada ya zoezi la kupiga mbwa risasi, nikahesabu mizoga 40 na kitu imepangwa kando ya barabara, watu wakipiga makofi. Kabla ya mwaka kuisha nilirudi kuchukua kichwa cha mbwa mwenye kichaa katika mji huohuo, na nyuma ya kichinjio walikuwa wamejaa kama zamani.

Sababu ni hizi. Mbwa mwenye kichaa hahitaji mbwa wengi ili aeneze ugonjwa. Anakimbia, anavuka vijiji, anawatafuta. Hata mkipunguza mbwa kwa nusu, atawafikia waliobaki. Halafu risasi haichagui. Inaua mbwa aliyechanjwa mwaka jana sawa na yule asiyechanjwa, kwa hiyo mnabomoa ukuta mliojenga wenyewe. Wenye mbwa wakisikia zoezi linakuja huwaficha, au huwapeleka kwa shemeji kijiji cha pili, na ugonjwa ukisafiri nao basi mmeupa usafiri. Aliyeuliwa mbwa wake wa kulinda mbuzi huleta mwingine mwezi ujao, mara nyingi mtoto wa mbwa asiye na kinga yoyote. Na chakula kilichokuwa kikiliwa na mbwa 40 bado kipo, kwa hiyo watoto watakaozaliwa watanenepa.

Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata ugonjwa huu mwaka 1997 kupitia mbwa walioletwa kwa mashua. Wakubwa wa huko waliamua kuua, na wakaua mbwa maelfu kwa maelfu. Ugonjwa ulibaki. Karibu nasi, Pemba, walishika njia ya chanjo ya nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika kisiwani. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukakatika mara ya pili. Naupenda mfano wa Pemba kwa sababu hiyo ya kuingizwa tena: unaonyesha kwamba kazi haiishi, na kwamba ukijua namna, hutishiki.

Sumu ni mbaya zaidi ya risasi. Kipande cha nyama chenye sumu hakijui kusoma. Huliwa na paka, kuku, tai, na siku moja mtoto. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumlisha mnyama sumu bila sababu ya haki kuwa kosa. Sikufichi kwamba kuna sheria nyingine, ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, inayowapa maafisa mamlaka makubwa eneo likitangazwa kuwa na ugonjwa, hata ya kuua mbwa wanaozurura. Mbwa anayeonyesha dalili lazima auawe, tena haraka na bila mateso. Hilo ni jambo la afisa, kwa mbwa mmoja anayejulikana. Kuomba mji mzima upigwe risasi ni habari nyingine.

Kwa hiyo lengo la kwanza ningeliandika hivi: mbwa saba kati ya kila kumi katika wadi yetu wachanjwe dhidi ya kichaa, kila mwaka, miaka mitatu mfululizo. Mtaulizwa kwa nini asilimia 70. Jibu ni kwamba ugonjwa huu, pamoja na ukali wake, hauambukizi kwa kasi. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu zaidi ya kumi wasio na kinga; mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani huambukiza mbwa kati ya mmoja na wawili. Hata wenye kinga wakiwa chini kidogo ya nusu ya mbwa wote, mradi wasishuke hapo wakati wowote, mnyororo unakatika. Lakini mbwa wetu hawaishi sana. Chukua mbwa 100, mchanje 70 mwezi wa Juni. Kufikia Juni ijayo baadhi yao watakuwa wamegongwa na malori, wamekufa kwa maradhi, na nafasi zao zimejazwa na watoto wasiochanjwa. Wenye kinga watakuwa wamebaki kama 50 hivi au pungufu. Mkiwa mlianza na 70, bado mko juu ya mstari. Mkiwa mlianza na 40, kufikia Desemba mmeshazama. Ndiyo maana kampeni ya mwaka mmoja, yenye picha nyingi na fulana za rangi, haileti kitu ikiwa mwaka unaofuata hakuna.

Hapo nasikia mtu wa kamati akisema: mbwa koko hao wa kichinjio nani atawashika? Nawapa zoezi la asubuhi moja. Chukueni watoto watano wa shule wanaokaa karibu na kichinjio, mtembee nao, na kwa kila mbwa muulize, "Huyu ni wa nani?" Mtashangaa. Huyu ni wa mama Fulani wa chapati, yule hulala kwa fundi wa baiskeli, yule mweupe ni wa kwa mzee lakini hafungwi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mbwa tunaowaita koko wana nyumba. Hawana uzio tu, wala chakula cha kutosha nyumbani, kwa hiyo mchana huenda kutafuta. Mbwa mwenye nyumba ana mtu anayeweza kumshika, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wa miaka kumi mwenye kipande cha kamba. Wasio na mtu kabisa watabaki wachache, na hao timu ya mifugo itawashika kwa wavu.

Chanjo iwe bure siku hiyo. Ukitoza hata shilingi hamsini, atakayebaki nyumbani ni mbwa wa maskini, naye ndiye anayezurura. Vituo viwe karibu, shuleni au kwenye josho, maana hakuna atakayemburuta mbwa kilomita tatu. Msiweke siku ya soko. Tangazo lipite kwa chifu, kanisani Jumapili na msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Najua kwa Waislamu wengi wa pwani mate ya mbwa ni jambo la kuepuka, na hilo liheshimiwe: wawepo vijana wa kushika, maji na sabuni ya kutosha, na asilazimishwe mtu. Na watoto wa mbwa wachanjwe wote, hata wa mwezi mmoja. Ile kauli ya "subiri afike miezi mitatu" ndiyo inayoacha kundi kubwa la mbwa wadogo bila kinga, na wadogo ndio wanaochezewa na watoto.

Mtajuaje kama mmefika 70? Hapa ndipo kamati inapokuwa na meno. Kila mbwa aliyechanjwa apakwe alama ya rangi mgongoni, au afungwe utepe shingoni. Jioni ya siku hiyohiyo, au kesho alfajiri, watu wawili wapite njia zote za mtaa wakihesabu kila mbwa wanayemwona, mwenye alama na asiye nayo. Mkihesabu 50 na 36 wana alama, mmepata 72 kwa mia. Mkihesabu 50 na 20 wana alama, afisa aombwe kurudi Jumamosi ijayo katika mitaa iliyobaki nyuma. Hesabu hiyo haihitaji daktari. Inahitaji kalamu na watu wasiodanganya, na ni bora mara mia kuliko ripoti inayosema "zoezi lilifana".

Lengo la pili, kichinjio. Mbwa wako pale kwa sababu ya utumbo na damu. Kaunti ichimbe shimo lenye mfuniko, uzio uzibwe matundu, na asiruhusiwe mtu kumrushia mbwa mapafu au maini yenye malengelenge ya maji. Ndani ya malengelenge hayo mna tegu wachanga wa mbwa, aina ya minyoo. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, na kinyesi chake kinampa binadamu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana wameteseka na ugonjwa huo miaka mingi. Shimo moja la zege litapunguza mbwa wa soko lenu kuliko risasi, ingawa halitapigiwa makofi na mtu.

Kijana wa hifadhi ana moyo mzuri na sitaki mumcheke. Ila mwulizeni nani atanunua unga na omena wa mbwa 60 mwaka wa tatu, mwakilishi wadi akibadilika. Hifadhi hufanya kazi penye watu wengi wanaokuja kuchukua mbwa wa kufuga. Hapo mjini kwenu kila mtu anayetaka mbwa hupewa bure na jirani. Hifadhi isiyo na mlango wa kutokea hugeuka jela, wanyama wakaambukizana na kuumana. Mpeni kazi iliyo karibu na ndoto yake: vizimba vitatu au vinne vya zege kwenye ofisi ya mifugo, kwa mbwa aliyeuma mtu, awekwe siku kumi na kuangaliwa. Vingekuwepo mwezi huu, msingekuwa mnakisia.

Kuhasi dume na kufunga uzazi wa jike? Naunga mkono, lakini msikuweke mbele ya chanjo. Upasuaji wa jike mmoja unakula pesa na muda wa kuchanja mbwa kadhaa, unahitaji daktari, ganzi na mahali safi. Hauzuii kichaa kwa mwaka wala miwili. Anzeni na majike wa karibu na kichinjio mkipata mfadhili au wanafunzi wa udaktari wa mifugo. Kuhusu leseni, sheria inaruhusu, ila ada kubwa huwafanya watu wamkane mbwa wao mbele ya askari. Cheti cha chanjo cha bure kitawapa orodha ileile bila ugomvi.

Na wanyama si mbwa peke yake. Kamati yenu ina mtu wa punda? Kama hayumo, ongezeni. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2, baada ya vichinjio vya kuuza ngozi nje kuanza 2016 na wizi wa punda kushamiri. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaurudisha uchinjaji 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakataza biashara hiyo ya ngozi bara zima. Wakati wakubwa wanabishana, punda wa mkokoteni sokoni kwenu bado ana kidonda begani. Hapo malengo ni madogo na ya haraka: hori la maji sokoni, kitambaa laini chini ya mikanda ya kukokotea, kwato zikatwe kila baada ya wiki kadhaa, na wenye mikokoteni wakubaliane wenyewe idadi ya mitungi ya maji kwa safari moja. Mnyama aliyepumzika hufanya kazi miaka mingi. Wenye punda wanajua, wanahitaji kusikilizwa tu.

Sasa kitu ambacho kamati nyingi husahau. Nyinyi mnashauri, hamtekelezi, na ushauri usio na tarehe huishia kwenye faili. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katikati kuna vikao vya ushirikishwaji wa umma. Nendeni mkiwa na karatasi moja: mbwa wangapi tunakadiria, dozi ngapi, majokofu ya kuweka chanjo kati ya nyuzi 2 na 8, mafuta ya gari siku ngapi, shimo moja, vizimba vinne. Ombi lenye hesabu ni gumu kukataa hadharani. Siku ya kuchanja iwekeni karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo siku maafisa hutafuta mahali pa kwenda.

Kabla ya kuandika chochote, mwoneni afisa wa mifugo wa wadi ana kwa ana, mtembee naye kichinjioni. Mimi najibu kutoka mbali na sijaiona ardhi yenu. Na mwiteni mara moja, bila kungoja kikao, mkiona mbwa anayetoa mate, anayeyumba, aliyekuwa mkali akawa mpole ghafla au mpole akawa mkali, au mbweha, ng'ombe au punda mwenye tabia za ajabu. Msimguse, msimpige mawe. Fungeni watoto ndani.

Tena wale vijana watakaokubali kushika mbwa siku ya kampeni: ombeni hospitali iwachanje wao kwanza, dozi mbili, ya pili siku ya saba baada ya ya kwanza. Kwa hiyo majina yao yapelekwe angalau wiki mbili kabla.